Mnaoanza kuchunguza viluwiluwi wa chura: tazameni utumbo kabla ya miguu

Wadogo zangu mnaokuja Tanga masika haya kwa mafunzo ya vitendo, nawaandikia juu ya kitu kimoja tu: tumbo la kiluwiluwi. Wengi wenu mkifika hutazama miguu na mkia, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana upesi na ndivyo vilivyochorwa kwenye vitabu vya shule. Mageuzi makubwa zaidi yako ndani. Kiluwiluwi hula mwani na tope laini, chura huwinda wadudu. Mnyama yuleyule hujenga utumbo wa kwanza, huutumia kwa majuma kadhaa, kisha huubomoa akiwa hai na kujenga mwingine, na siku hizo zote za ujenzi hali kitu. Mkilishika hilo mapema, mtaipanga kazi yenu namna nyingine kabisa.

Kiluwiluwi akianguliwa bado hali. Mdomo haujafunguka, na utumbo wake ni mrija mfupi, mnene, wenye seli zilizojaa kiini cha yai. Hicho kiini ndicho chakula chake. Mtamwona amenata kwenye jani au kwenye ute wa mayai, ametulia, kashikiliwa na tezi za kunata zilizo chini ya kichwa. Msimtilie chakula wakati huo! Kitaoza, oksijeni itapungua majini, na mtawapoteza kabla hata ya kuanza. Subirini kiini kikaribie kwisha na mdomo ufunguke. Hapo mrija unarefuka kwa kasi kuliko mwili, na kwa kuwa nafasi ni ndogo, unajiviringa. Kwa Xenopus laevis, chura wa maabara anayefahamika sana, kutoka kurutubishwa kwa yai hadi kuanza kula ni siku 4 hivi kwenye maji ya nyuzi joto 22 hadi 24. Maji yakiwa baridi zaidi mambo hukawia, kwa hiyo aliye Amani, juu kwenye milima ya Usambara, asilinganishe tarehe zake na za mwenzake aliye Tanga mjini. Linganisheni hatua za ukuaji.

Hatua hizo zina majedwali yake. Kwa vyura wengi tunatumia jedwali la Gosner la mwaka 1960, lenye hatua 46: kwenye ya 25 kiluwiluwi anakuwa ameanza maisha ya kula na kuogelea, kwenye ya 42 miguu ya mbele imetokeza, kwenye ya 46 mkia umekwisha. Kwa jamii ya Xenopus kuna jedwali la Nieuwkoop na Faber lenye hatua 66. Andikeni kila mara ni jedwali lipi mnalotumia, maana hatua ya 42 ya huku siyo hatua ya 42 ya kule.

Kwa anayeanza, nashauri Xenopus muelleri, chura wa majini anayepatikana kwenye mabwawa na madimbwi ya ukanda huu wa pwani. Kiluwiluwi wake ana sharubu mbili ndefu na mwili unaopitisha mwanga, kiasi kwamba mnaweza kumtazama kwa lenzi ya kawaida mkaona mizunguko ya utumbo bila kumgusa kwa kisu. Hana vijino, huchuja chembechembe zinazoelea, kwa hiyo mpeni unga laini mno wa majani makavu, kidogo kidogo. Viluwiluwi wa Sclerophrys gutturalis, yule chura mkubwa mwenye ngozi ya chunusi anayepiga kelele usiku kwenye mitaro, ni wa namna nyingine. Hao wana taya ngumu nyeusi na safu za vijino vya kukwangulia mwani kwenye mawe. Mchicha uliochemshwa unawatosha.

Geuzeni kiluwiluwi aliyeshiba, kwenye kisahani chenye maji, mtazame tumbo lake. Utumbo umejipanga kama kamba ya katani iliyosokotwa duara, mzunguko ndani ya mzunguko, ukielekea katikati kisha ukirudi. Rangi ya kilichomo inaonekana kupitia ngozi: kijani ikiwa amekula mwani, kahawia ikiwa ni tope. Pembeni mtaona ini, na nyongo kama tone dogo la kijani. Mfuko wa tumbo kama wa chura hamtauona, kwa sababu haujawa tayari. Sehemu ile ipo, lakini kwa viluwiluwi walio wengi haitoi asidi wala pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, kama tumbo la chura mzima. Kazi kubwa ya kumeng'enya inafanyika kwenye utumbo, kwa msaada wa vimeng'enya vya kongosho. Chakula chenyewe kina lishe kidogo, kwa hiyo kinahitaji njia ndefu. Utumbo ukinyooshwa unapita urefu wa mwili mara kadhaa.

Hapo kwenye kuunyoosha ndipo pa kuwa waangalifu. Mnyama awe ameshakufa kwa dawa ya usingizi aliyopewa kwenye maji, kwa utaratibu ulioidhinishwa na msimamizi wenu. Asichanwe akiwa hai kwa vyovyote. Kateni ngozi ya tumbo kwa mkasi mdogo kuanzia nyuma kwenda mbele. Utumbo umeshikwa na utando mwembamba, huo ndio wa kukata, taratibu, mkiacha utumbo uelee wenyewe. Ukiuvuta kwa kibano unanyumbuka, na kipimo chako kinakuwa cha nguvu ya mkono wako. Ulazeni kwenye maji juu ya karatasi ya vipimo, pimeni, halafu gawanyeni kwa urefu wa mwili kutoka puani hadi mwanzo wa mkia. Mkia usiingie kwenye hesabu, kwa kuwa baadaye utatoweka na uwiano wenu utakosa maana. Na vielelezo vilivyokaa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, msivipime pamoja na vibichi, kwani fomalini hukunja nyama.

Chakula nacho hubadilisha utumbo. Imejulikana kwa zaidi ya miaka 100 kwamba viluwiluwi waliolishwa mimea huota utumbo mrefu kuliko wenzao waliolishwa nyama, hata wakiwa wa tumbo moja la mayai. Kwa hiyo ndoo zote zile chakula kimoja, isipokuwa chakula ndicho mnachokichunguza. Ondoeni maiti kila asubuhi, la sivyo wenzao watawala na ndoo hiyo itakuwa imebadili mlo bila ninyi kujua. Maji ya bomba yaacheni wazi siku nzima klorini itoke.

Sasa nije kwenye siku ambazo ndizo hasa zimenifanya niandike. Miguu ya nyuma ikishakomaa, homoni ya tezi ya thairoidi inapanda mwilini. Mtafiti Gudernatsch alionyesha mwaka 1912 kwamba viluwiluwi waliolishwa tezi hiyo hugeuka vyura kabla ya wakati, wakiwa wadogo bado. Homoni hiyohiyo inayoamuru mkia usinyae ndiyo inayoamuru utumbo ubomolewe. Miguu ya mbele ikitokeza, mnyama anaacha kula. Zile taya ngumu zinadondoka, mdomo unapanuka kuelekea nyuma ya macho, ulimi unakua. Ndani, utumbo unafupika kwa kasi ya ajabu. Kwa Xenopus laevis unapungua kwa takriban robo tatu ya urefu wake. Seli za utando wa ndani zinakufa kwa mpangilio, na chini yake seli shina chache, yaani seli mama zinazozaa seli mpya, zinaongezeka na kutandika utando mpya wenye mikunjo mingi, mahali ambapo kiluwiluwi wa Xenopus alikuwa na mkunjo mmoja tu. Kongosho nalo linasinyaa na kujijenga upya. Mfuko wa tumbo unapata tezi zake za asidi. Gharama ya haya yote inalipwa na akiba ya mwili, ukiwemo mkia unaoyeyushwa.

Siku hizi ni chache na hazisubiri Jumatatu. Pangeni zamu, mmoja awepo asubuhi na mwingine jioni, na mchukue vielelezo mara nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Acheni kulisha pale mnapoona miguu ya mbele. Punguzeni maji na mweke jiwe au mteremko, kwa sababu vyura wa nchi kavu sasa wanapumua hewa na watakufa maji ndoo ikiwa na kina. Hao wa Xenopus waacheni majini, ni wakazi wa majini maisha yao yote.

Mkipanda Amani mtasikia habari za Nectophrynoides tornieri, kijichura cha msituni cha Usambara ambacho hakitagi mayai majini. Watoto hukulia ndani ya mama kwa kiini cha yai na kuzaliwa wakiwa vyura kamili, kwa hiyo ile hatua ya kula mwani hawaipitii. Ni mnyama wa kutazamwa kwa macho na kuachwa. Hifadhi ya Amani iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hata kiluwiluwi wa kawaida kabisa hachukuliwi humo bila kibali. Mkihama kutoka bwawa moja kwenda jingine, safisheni na kukausha buti na nyavu, kwani ukungu unaoua vyura husafiri na matope.

Mkia ukiisha, mnyama atarudi kula, safari hii vitu vilivyo hai na vinavyotembea: nzi wadogo wa matunda, kumbikumbi wadogo, viroboto maji kwa wale wa Xenopus. Chukueni kielelezo kimoja kabla ya mlo huo wa kwanza na kingine siku chache baadaye, mpime vyote kwa njia ileile mliyopimia wa hatua ya 25.