Jibu: Moyo ndio unaouma, figo zinapimwa za nini?

Pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini daktari wa moyo anataka mzee apimwe figo. Hapotezi pesa zenu. Kasi ya figo kuchuja damu ikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo, na mgonjwa wa moyo mwenye hali hiyo hulazwa mara nyingi zaidi na hatari ya kufa mapema huongezeka. Figo zikichoka, chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda, mishipa hukakamaa. Ombeni kipimo cha kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) pamoja na albumini (protini) ya mkojo (huu mkojo wengi huusahau!). Na zile diklofenaki (dawa za maumivu) za magoti anazojinunulia pale Kawangware, daktari azijue leo, maana zinaweza kudhuru figo na moyo. Dawa za moyo asiziache bila kumuuliza daktari, hata kreatinini ikipanda kidogo.