Malaria na chembe nyeupe: zimekwenda wapi?

Mwanangu wa miaka 4 ana malaria. Kwenye karatasi ya FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu), limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zimewekewa herufi L, yaani ziko chini. Jirani kaninong'oneza kuwa huo ni ukimwi. Silali. (Mama, Muheza)

Pole kwa kuuguza, mama. Jirani yako kakurupuka. Malaria ikipamba moto, limfosaiti kushuka ni jambo tunaloliona kila msimu wa mvua. Zipo zinazokufa, lakini nyingi zimetoka tu kwenye mishipa zikajazana kwenye bandama na tezi, maana vita iko huko. Damu aliyotolewa mtoto mkononi inaonyesha zilizoko njiani tu. Ni kama kuhesabu ngalawa ufukweni saa ambayo wavuvi wako baharini. Hata CD4, zile limfosaiti zinazoshambuliwa na virusi vya ukimwi, hushuka kwa muda. Akimaliza dawa mseto, kwa kawaida hesabu hupanda tena ndani ya wiki moja au mbili. FBP haipimi virusi vya ukimwi. Kipimo chake kipo, na ukitaka kutuliza moyo mpimeni, ila si kwa sababu ya hiyo L.

Na chembe sahani, zile za kugandisha damu? Zake ni 80,000, mbona hakuongezewa damu?

Nazo hushuka kwenye malaria, na mara nyingi hupanda zenyewe baada ya dawa. Akitokwa damu puani au kwenye fizi, au akikojoa mkojo mweusi, mrudishe hospitali usiku huohuo.

Mtu wa maabara alisema ameona punje nyeusi ndani ya chembe nyeupe. Slaidi ilikuwa chafu? (Mwanafunzi, Kilifi)

Hapana, na hongera yake kwa kutazama vizuri. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu hula himoglobini. Mabaki yenye madini ya chuma ni sumu kwake, kwa hiyo huyagandisha kuwa punje za kahawia iliyokolea, ziitwazo hemozoini. Kila baada ya saa 48 hivi chembe nyekundu hupasuka na punje humwagika. Monosaiti na nyutrofili, chembe nyeupe zinazomeza takataka na vijidudu, huzimeza, lakini haziwezi kuzisaga. Chini ya lenzi ya mafuta utaiona monosaiti imevimbiwa, tumbo limejaa masizi. Chembe ya namna hiyo hulegea kazini, na hiyo ni sababu mojawapo ya watoto wenye malaria kali kushambuliwa kirahisi na bakteria wa salmonela kwenye damu. Kwa hiyo homa ikirudi, usikimbilie kusema ni malaria ileile. Kile kipimo cha haraka cha kidoleni kinaweza kuonyesha mistari miwili, yaani malaria ipo, wiki kadhaa baada ya kupona, omba slaidi.

Nilikulia Tanga, malaria ilikuwa kama mafua kwangu. Nimekaa Muscat miaka 9, nimerudi, imenilaza siku tano. Kinga yangu iliibiwa? (Msomaji, Tanga)

Ilipungua kwa kukosa mazoezi. Kinga ya malaria haikamiliki hata kwa aliyezaliwa nayo kijijini: kimelea cha falciparum, kile cha malaria kali, kina jeni zipatazo 60 za kubadilishia vazi lake, ukishaizoea kanzu hii kinavaa nyingine. Anayeumwa na mbu kila mwaka huzifahamu nyingi, ila kingamwili zake, silaha za damuni za kumtambua adui, hupungua akiondoka. Chembe za kumbukumbu hubaki kiasi, lakini huchelewa kuamka. Kwa sasa wewe jihesabu mgeni, na chandarua chako kikague matundu.