Michezo ya usiku wa Jumamosi kwa watu saba: anza na wanaoketi mezani

Mkuu, umeuliza ununue mchezo gani wa mezani. Mko saba: bibi wa miaka sabini na ushee asiyeona vizuri maandishi madogo, wewe na mama watoto, shemeji, na watoto wa miaka 14, 10 na 6. Umesema Monopoly, ule mchezo wa kununua viwanja na kutozana kodi, iliwafikisha saa 5 usiku, watoto wamelala kwenye kochi na wakubwa wamenuniana. Nakujibu kwa urefu, maana kosa hilo linajirudia kwenye nyumba nyingi na dawa yake ipo.

Cha kupima kwanza ni muda wa kusubiri zamu. Mkiwa saba na kila mmoja akitumia dakika moja, anayemaliza kucheza anakaa dakika sita akitazama wenzake. Mtoto wa miaka 6 hana dakika sita. Hata shemeji, dakika ya tatu ameshashika simu. Kwa hiyo tafuta mchezo ambao zamu yake ni ya sekunde chache, au unaochezwa kwa timu ili watu wawe wanafikiri wote kwa pamoja. Boksi likiandikwa kuwa linafaa watu wanane, hiyo ni idadi inayoruhusiwa tu. Raha yao ni hesabu nyingine.

Monopoly yenyewe mara nyingi huchelewa kwa sababu haichezwi kwa sheria zake. Mtu akifika kwenye kiwanja na asikinunue, sheria inataka kipigwe mnada palepale, na kila mchezaji anaruhusiwa kutaja bei. Wengi huruka hapo, viwanja vinazunguka saa nzima bila mwenyewe. Kosa la pili ni kuweka faini katikati ya ubao ili azoe anayetua kwenye maegesho ya bure. Sheria hiyo haimo. Inachofanya ni kumrudishia fedha mtu aliyekuwa anafilisika, basi hakuna anayetoka. Nyumba ni 32 na hoteli 12 tu, na zikiisha zimeisha, msiongeze kwa vipande vya karatasi. Mkiipenda, ichezeni watu wanne, wekeni saa ya simu dakika 90, ikilia hesabuni fedha na mali za kila mtu. Ila kwa watu saba mwenye miaka 6 akiwemo, iacheni kabatini.

Sasa mchezo ninaokushauri uufanye nguzo ya usiku huo, na hutatumia zaidi ya bei ya karatasi ya manila: maneno 25 kwa timu mbili. Umbo lake ni la Codenames, mchezo wa Vlaada Chvátil uliotoka mwaka 2015. Boksi la Kiingereza halitamfaa bibi, lakini maneno ya Kiswahili yanaufaa mchezo huu kuliko unavyodhani, kwa sababu tuna maneno mengi yenye maana mbili na tatu. Kata kadi za sentimita 9 kwa 6, andika neno moja kila kadi kwa herufi kubwa na kalamu ya wino mzito. Anza na kadi 60 hivi: kaa, paa, tembo, mbuzi, kanga, ndege, mto, shuka, nyanya, tai, panda, chungu, taa, kata, na mengine ya kawaida kama soko, daladala, kisu, mvua, harusi. Kila raundi changanya, panga 25 mezani, tano kwa tano. Utapata eneo la sentimita 45 kwa 30, linaloenea kwenye stuli.

Halafu chora ramani ndogo ya miraba 25 kwenye kipande cha karatasi, kila mraba ukisimama badala ya kadi moja ya mezani. Miraba 9 ni ya timu inayoanza, 8 ya timu ya pili, 7 si ya mtu, na 1 ni sumu. Chora ramani kama kumi tofauti na uzihifadhi, maana ikitumika ileile mara tatu watoto wanaikariri. Manahodha wawili wanakaa upande mmoja na wao tu ndio wanaoiona. Nahodha anatoa neno moja na namba, timu inakisia. Akisema "mnazi, mbili", anawapeleka kwenye tembo, ile pombe, na mbuzi ya kukunia nazi. Akisema "kitanda, mbili", ni mto na shuka. Timu inaruhusiwa kukisia namba iliyotajwa na moja zaidi, ikigusa kadi isiyo yake zamu imekwisha, ikigusa sumu imeshindwa hapohapo. Raundi moja inakwenda dakika 15 hadi 20.

Yanayoharibika hapa ni mawili. La kwanza ni uso wa nahodha: timu ikinyoosha kidole, yeye anaguna au anatabasamu, siri imetoka. Aangalie ramani yake tu mpaka wamalize. La pili ni vidokezo vinavyotokana na neno lililopo mezani. Kubalianeni mapema kwamba mto ukiwa mezani, "mito" na "kijito" haviruhusiwi, vivyo hivyo kitenzi na nomino yake, kama panda na "mpandaji". Lugha yetu inanyumbulisha maneno kirahisi, msipoweka mpaka huo mtabishana. Bibi mpe unahodha bila wasiwasi, mjukuu wa miaka 14 amnong'oneze maneno asiyoyaona. Mara nyingi wazee wanajua maana ambazo vijana hawazijui kabisa, na hapo ndipo mchezo unaponoga. Wa miaka 6 apewe kazi ya kufunika kadi kwa vizibo vya soda vya rangi mbili. Ni kazi ya kweli, inamweka mezani.

Kuhusu Scrabble uliyoitaja, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi: ni nzuri, lakini seti ya Kiingereza ukiitumia kwa Kiswahili kama ilivyo itawachosha. Ina vigae 100, na humo K ni moja tu, ilhali E ni 12. Q na X hatuna. Matokeo yake ni vigae vya E na R vinavyojazana mkononi huku kila mtu akiililia K. Irekebishe kwa stika ndogo juu ya vigae. Q ifanye W, X ifanye K. Kwenye E 12 toa 7: nne ziwe A, mbili K, moja U. Kwenye R 6 toa 3: mbili K, moja M. Kwenye O 8 toa 3: mbili U, moja M. Sasa una A 13, U 7, K 6, E 5, O 5, M 4, W 3 na R 3, na jumla ni ileile 100. Alama nazo zishushe: K na M ziwe 1, W, Y na H ziwe 2, Z na J ziwe 3. C itumike pale tu inapofuatwa na H. Angalizo: kigae chenye stika kinajulikana kwa vidole ndani ya mfuko, kwa hiyo vigae visambazwe mezani vikiwa vimelala kifudifudi, kila mtu aokote kwa macho.

Sheria ya maneno iandikeni kabla ya kuanza. Nomino iruhusiwe umoja na wingi, kitenzi kiruhusiwe kama amri tu: pika, pikia, pikwa. Mkiruhusu viambishi vya nafsi na njeo, kama nina- au wata-, mtu mmoja ataongeza herufi nne mbele ya kila kitenzi na mchezo umekwisha utamu. Mwamuzi awe Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyopo mezani. Wachezaji wanne, au timu za wawili wawili. Zaidi ya hapo kusubiri kunarudi.

Karata zinafaa kufungulia usiku kwa sababu zamu ni fupi mno. Ila piga hesabu. Lasti kadi kwa watu saba, mkigawana saba saba, ni karata 49, kwenye pakiti ya 52 zinabaki tatu za kuchota. Gaweni nne nne, zitabaki 24, au unganisheni pakiti mbili zenye mgongo unaofanana. Uno ya asili ina kadi 108, hivyo watu saba kwa kadi saba wanabakiwa na 59, inatosha. Kabla ya kulipa ihesabu, maana za kuigiza huuzwa pungufu. Na mtaje mapema kama kadi ya kuchotesha mbili inaweza kujibiwa kwa nyingine. Waliotengeneza Uno wanasema haijibiwi, mitaani wengi wanaijibu. Chagueni moja mshikamane nayo usiku mzima. Kwa macho ya bibi, tafuta karata zenye namba kubwa pembeni, na ziwe za plastiki. Za karatasi zinanata mikononi kwa jasho letu la Dar, baada ya mwezi mmoja hazichanganyiki tena.

Ludo ni ya kumfurahisha mdogo, lakini ina ugonjwa mmoja: kungoja sita ndipo utoke. Uwezekano wa mtu kurusha mara sita bila kupata sita ni kama mmoja kati ya watatu. Yaani karibu kila usiku kuna mtoto atakayekaa ndani huku wenzake wanazunguka. Ruhusuni kutoka kwa moja na kwa sita, uwezekano huo unashuka chini ya mmoja kati ya kumi. Au kila mtu aanze na kete moja ikiwa nje tayari. Mkitaka iishe mapema, chezeni kwa kete mbili badala ya nne. Dadu irushwe ndani ya sinia, ikitoka nje ya sinia haihesabiki. Hiyo peke yake inaondoa nusu ya ubishi.

Bao naliheshimu, lakini ni la watu wawili. Liwekeni pembeni kwa bibi na mjukuu wa miaka 10 wakati wengine wanacheza lingine. Asianzishwe na namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi moja moja. Mpe bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, mashimo 16 kwa kete 32 upande wake, ubao mzima kete 64. Anaingia moja kwa moja kwenye kusambaza na kula, bila hesabu za nyumba, lile shimo maalumu, na ghala, yaani kete za akiba. Akizoea ndipo mpange la Kiswahili lenyewe: sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Ukienda kununua ubao kwenye soko la vinyago la Mwenge, hesabu mashimo. Zipo mbao za watalii zenye safu mbili tu, hizo si bao letu. Unataka safu nne za mashimo manane, na mashimo yenye kina cha kushika kete kumi na kitu bila kumwagika.

Dhumna ni kete 28, watu wanne wakipata saba saba, nzuri kwa shemeji na wakubwa watoto wakishalala. Keram nayo ni tamu, ila ubao wa kamili una uwanja wa sentimita 74 kila upande, pima sebule kwanza.

Jenga, ule mnara wa vipande vya mbao, jina lake ni letu, na iliingia sokoni London mwaka 1983. Vipande 54, ngazi 18 za vipande vitatu vitatu. Unyevu wa masika unavimbisha mbao, baadhi ya vipande vinakwama na mnara unaanguka mapema. Vianikwe kivulini penye upepo, vile vinavyokwama vipitishwe msasa laini mara mbili tatu. Meza isitikisike, na feni izimwe.

Feni ni jambo la kupanga kabisa. Huwezi kukaa watu saba sebuleni Dar mwezi wa pili bila feni, na feni ya dari inarusha karata na noti za Monopoly. Basi feni ikiwa inazunguka chezeni vitu vizito: dhumna, bao, ludo kwenye sinia. Kadi za manila zikipeperuka, weka kijiwe kwenye pembe ya kila moja. Umeme nao ukikatika, kwenye mwanga wa taa ya chaji bluu na kijani vinafanana, bibi atachanganya. Chora alama kwa kalamu kwenye kete za rangi moja, usumbufu huo hamtauona tena.

Kwa Jumamosi hii panga hivi. Saa 1:30 usiku, mkishakula, raundi mbili za lasti kadi au Uno, wote saba. Saa 2 maneno 25, timu ya wanne na ya watatu, bibi na wa miaka 6 wawe timu tofauti, na manahodha wabadilike kila raundi. Zikiisha mbili au tatu, mdogo apelekwe kulala akiwa bado anataka kuendelea. Kuanzia saa 3 wakubwa na wa miaka 14 wachukue Scrabble au dhumna, bibi na wa miaka 10 wamalizie bao lao moja.

Mkimaliza, hesabuni vipande kabla ya mtu yeyote kuinuka, kete na kadi zote, na mvitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Boksi la karatasi likiwekwa sakafuni karibu na ukuta, mchwa na mende watalianza kabla ya Jumamosi ijayo.