Muulize Fundi: Simu inakimbia, laptopu inatambaa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Laptopu yangu ni ya mwaka 2012. Niliinunua ikiwa mtumba, nikaiongezea RAM na kuiwekea SSD, na kwa kazi zangu haina neno. Shida ni Wi-Fi. Nyumbani nalipia megabiti 20 kwa sekunde. Mchana inavumilika, lakini ikifika saa mbili usiku video ya somo haifunguki, na mwanangu kakaa pale pale anatazama mpira kwenye simu bila kukwama. Kijana mmoja wa dukani anataka kuniuzia adapta ya Wi-Fi ya USB, ndogo kama ukucha, ati nikichomeka tu laptopu itakuwa mpya. Ninunue? — Mwalimu, Busia

JIBU: Mwalimu, hiyo ya ukucha iache kwanza. Mwanao ameshanifanyia nusu ya kazi. Simu ikienda vizuri na laptopu ikikwama chumba kimoja, ruta moja, basi intaneti yako ni nzima na mgonjwa ni laptopu. Ila hakikisha kijana hatumii bando lake mwenyewe! Zima data ya simu, iache kwenye Wi-Fi peke yake, iweke juu ya meza ya laptopu, upime kasi ya zote mbili saa hiyo hiyo ya saa mbili usiku. Ukipima saa sita mchana hutaona kitu. Zote zikisota, usitoe hata shilingi kwa adapta.

Kwa nini usiku? Laptopu nyingi za umri huo zilitoka kiwandani na kadi ya Wi-Fi ya bei rahisi inayojua masafa ya gigahezi 2.4 tu, tena kwa antena moja. Kwenye karatasi, kwa chaneli ya upana wa kawaida, inafika megabiti 72 kwa sekunde. Ukipata nusu yake, shukuru. Hiyo ingekutosha kabisa kwa kifurushi cha 20. Lakini masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, na hapo mjini kila duka, kila nyumba ya kupanga ina ruta yake. Usiku watu wakirudi, ni kama boda boda zote za mpakani zinagombea geti moja. Simu ya mwanao huenda inapita geti jingine, la gigahezi 5, lenye nafasi.

Sasa tazama orodha ya Wi-Fi kwenye simu. Ukiona jina la ruta yako mara mbili, moja likiishia na 5G, umepona. (Hiyo 5G si ile ya minara ya simu, ni gigahezi 5.) Jina likiwa moja tu, geuza ruta usome kibandiko cha chini, maana nyingine huunganisha masafa yote mawili chini ya jina moja. Ikiwa ruta ni ya 2.4 pekee, adapta haitakuhamisha popote.

Dukani soma boksi. Likiandikwa N150, ni 2.4 tupu, yaani ni kadi uliyonayo tayari ila imekaa nje. Nadhani ndiyo ile ya ukucha. Wewe tafuta AC1200, inayojua 2.4 na 5 zote mbili. Namba hiyo nayo ina ujanja: wamejumlisha 300 ya masafa ya chini na 867 ya juu, wakaikuza kidogo, wakati laptopu inatumia upande mmoja kwa wakati mmoja. Ya Wi-Fi 6, kizazi kilichofuata AC, chukua kama bei imekaribiana. Ya 6E waachie wenye Windows 11, kwa sababu Windows 10 haifungui masafa ya gigahezi 6.

Ichomeke kwenye tundu la USB 3, mara nyingi la buluu au lenye alama ya SS. Hapa nina aibu yangu. Mteja mmoja wa Nasser Road, Kampala, mchapishaji, nilimfungia adapta nzuri, kesho yake akarudi: kishale cha kipanya kinaruka-ruka kama panzi. Nikabadilisha betri ya kipanya. Nikabadilisha tena. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba USB 3 inapofanya kazi hutoa kelele ya mawimbi kwenye 2.4, na kipokezi cha kipanya kisicho na waya kilikuwa kimechomekwa ubavuni mwa adapta. Waya wa USB wa kurefusha, mita moja, ukamaliza kesi. Adapta tukaibandika kwa seloteepu kwenye fremu ya dirisha, ikashika mawimbi vizuri zaidi.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia adapta, ikikosekana utajikuta unahitaji intaneti ili upate intaneti. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kisha izime kadi ya zamani ndani ya Windows, la sivyo laptopu inaweza kuirudia kimya kimya.

SWALI: Laptopu yangu haina USB 3, zote ni USB 2. Adapta ya AC itafaa? — Msomaji, Gulu

JIBU: Itafaa, ndugu yangu. USB 2 imeandikwa megabiti 480 kwa sekunde; kwa kazi halisi hesabu kama 300. Kifurushi chako ni cha ngapi? Kama ni 10 au 30, tundu hilo halitakubana hata kidogo. Na kipanya chako hakitaruka.