Gari Linalogoma Kuwaka Likiwa Moto: Kwa Wadogo Zetu wa Gereji

Wadogo zetu mlioanza kushika spana hapa Tabora, Oktoba imefika na jua lake mnalijua. Noah inatoka Urambo, inasimama stendi dereva anywe chai, robo saa baadaye inapigwa stata mpaka betri inachoka, haiwaki. Inasukumwa hadi gereji. Na ninyi, kama mmeapishwa, mnakimbilia kufungua plagi.

Acheni plagi kwanza.

1. Ulizeni muda. Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na feni imesimama, lakini chuma bado kina moto. Kwa hiyo chini ya boneti joto linazidi kupanda kwa dakika kumi hadi ishirini ndipo lianze kushuka. Gari likizimwa na kuwashwa hapo hapo linakubali, likikaa robo saa linagoma, likikaa saa mbili linakubali tena: huo ni ugonjwa wa joto. Likigoma hata alfajiri, ni kesi nyingine.

2. Kila dereva husema "haiwaki". Geuza swichi mwenyewe usikie. Ikilia tik moja na stata isizunguke, weka mita: stata ikipigwa, betri isishuke chini ya volti 9.6; kati ya nguzo hasi ya betri na bloku usione zaidi ya nusu volti; waya mdogo wa stata upate angalau volti 8. Yote yakiwa sawa, fungua solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) uangalie zile shaba mbili, mara nyingi zimelika. Badilisha shaba, usimuuzie mtu stata nzima.

3. Msilipoze gari kabla ya kulipima. Hapa ndipo sisi mafundi, wakubwa kwa wadogo, tunapokosea, na tukiri tu. Gari limefika limegoma, yaani limekuja na ushahidi wote mkononi. Sisi tunalivuta kivulini, boneti juu, mmoja anafuata mita iliyoazimwa na jirani, mwingine anaagiza chapati. Tukirudi limeshapoa. Tunafunga pampu mpya ya mafuta, tunapiga stata, linawaka! Mwenye gari anashukuru, analipa, anaondoka. Lingewaka hata kama tungebadilisha balbu ya breki. Kesho anapiga simu yuko Kaliua, limegoma tena. Tunasema pampu ilikuwa feki. Tunaweka nyingine. Halafu koili. Halafu plagi nne. Mteja keshauza mbuzi, na sisi bado tunamwambia "mzee, hii gari ina mambo mengi". Haina mambo mengi. Ina sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ya waya mbili, ambayo uzi wake wa ndani umekatika mahali: ukitanuka kwa joto unaachana, ukipoa unagusana. Ukiupima baridi unasoma vizuri kabisa, nawe unaapa kwamba sensa ni nzima.

Basi fanyeni hivi, mita ikiwa tayari kabla gari halijafika. Likiwa limegoma na stata inazunguka, chomoa koili moja, weka plagi ya zamani, igusishe bloku, piga stata. Cheche hakuna? Nenda kwenye soketi ya sensa ya krenki na upime omu. Nyingi za waya mbili husoma kati ya mia kadhaa na elfu mbili na ushee. Mita ikiandika OL, yaani uzi umekatika, umeshinda. Ikisoma kawaida, mwagia sensa maji kidogo upige stata tena: likiwaka, ni yeye. Sensa nyingi za waya tatu hazipimwi kwa omu, msijisumbue. Mwenye mashine ya kupima aangalie mzunguko wa injini wakati wa stata. Ukisimama kwenye sifuri wakati injini inazunguka, kompyuta haioni krenki. Na jamani, maji ni ya sensa. Ukimwaga ndoo kwenye silinda hedi ya moto utapasua kitu cha bei mbaya.

4. Cheche ipo, plagi zimelowa na zinanuka petroli: mafuta yamezidi. Kanyaga mafuta hadi mwisho ukipiga stata. Kompyuta nyingi hukata injekta hapo, na gari likiwaka kwa kukohoa na moshi mweusi umepata jibu. Sasa tafuta kati ya injekta inayovuja na sensa ya joto la maji inayodanganya kwamba injini ni baridi. Kwa Toyota nyingi sensa hiyo husoma kama kilo-omu 2.5 kwenye nyuzi 20, na kama omu 320 kwenye nyuzi 80. Msitegemee geji ya dashibodi, magari mengine geji ina sensa yake peke yake.

Plagi kavu na cheche ipo, funga geji ya presha. Toyota zisizo na bomba la kurudisha mafuta hutaka kilopaskali 304 hadi 343, na dakika tano baada ya kuzima zisiwe chini ya 147. Ikishuka haraka, presha inakimbilia tanki au inavujia injekta, na mafuta yaliyobaki kwenye bomba la moto yanageuka mvuke.

5. Dizeli. Land Cruiser za 1HZ na Hiace za 3L na 5L, hizi za njia ya Uvinza na Kasulu, zina pampu ya dizeli ya kuzunguka (rotari). Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na plunja iliyolika (pistoni ndogo inayosukuma dizeli ndani ya pampu) inaivujisha ndani kwa ndani. Kwa mwendo mdogo wa stata presha haifikii kufungua nozeli. Lowesha gunia au kitambaa kinene, funika kichwa cha pampu dakika kumi, piga stata. Likiwaka, plunja na kichwa chake vimekwisha, peleka pampu kwenye benchi. Kitambaa, nimesema! Maji ya ghafla yanaweza kuing'ang'aniza plunja. Wala msisogeze taiming ili kuficha ugonjwa.

Na muulize dereva dizeli anainunua wapi. Ikiwa ni ya madumu iliyochanganywa na mafuta ya taa, pampu mpya nayo itamfia.