Funguo Kwanza, Fedha Baadaye: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Kupanga Nyumba Ujerumani

Kila muhula wa Oktoba unapokaribia, tunapata barua nyingi za wasomaji wanaohamia Ujerumani kwa masomo au kazi. Wengi wao wanatafuta nyumba wakiwa bado nyumbani, na matapeli wanalijua hilo. Safari hii tumechagua barua nne.

Shikamooni. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Leipzig. Nimeona tangazo la nyumba ya mita za mraba 55, yuro 380 kwa mwezi pamoja na maji, umeme na joto. Mwenyewe anasema ni daktari, amehamishiwa London kikazi, na hana mtu wa kunionyesha nyumba. Anataka nitume amana ya yuro 760, kisha anitumie funguo na mkataba kwa DHL. Nisipoipenda nyumba atanirudishia pesa. Amenitumia na pasipoti yake. Nitume? — Msomaji, Mombasa

Marahaba. Usitume hata senti moja.

Barua hiyo ya mwenye nyumba ni ya miaka mingi. Hubadilishwa mji na kazi tu. Leo ni daktari London, kesho mhandisi Madrid. Ifumue kipande kwa kipande utaona ilivyoshonwa. Mwenyewe yuko nje ya nchi ili msionane. Funguo zinakuja kwa kifurushi ili fedha itangulie. Mwenye nyumba wa kweli asiyeweza kufika humwagiza jirani, mpangaji anayehama au kampuni inayosimamia jengo. Kampuni ya vifurushi kazi yake ni kupeleka vifurushi, haimshikii mtu amana ya nyumba, kwa hiyo ukurasa wowote utakaotumiwa wenye nembo yake na kitufe cha kulipia ni wa kughushi. Na pasipoti? Kuna kila sababu ya kuamini kwamba ni ya mtu aliyeomba nyumba kabla yako. Yako, ukiituma, ataonyeshwa atakayefuata.

Bei nayo inasema. Leipzig si ghali kama München, ambako mita moja ya mraba kwenye matangazo mapya huzidi yuro 20 kabla ya gharama nyingine. Lakini hata Leipzig, yuro 380 kwa mita 55 na kila kitu ndani yake ni bei ya chambo. Miji mingi hutoa jedwali rasmi la kodi liitwalo Mietspiegel. Linapatikana bure mtandaoni, na dakika kumi za kulisoma zitakupa picha ya bei za mtaa unaoutaka.

Sasa amana yenyewe, inayoitwa Kaution. Kwenye tangazo utaona kodi mbili. Kaltmiete, yaani kodi ya baridi, ni kodi tupu ya nyumba. Warmmiete, kodi ya moto, ni hiyo pamoja na joto, maji, taka na gharama za jengo, na mara nyingi umeme na intaneti bado unajilipia mwenyewe. Kisheria amana haizidi kodi tupu ya miezi mitatu. Kama kodi tupu ni yuro 400, amana isipite 1,200, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu yaliyo sawa: 400 upangaji unapoanza, 400 mwezi unaofuata, 400 mwezi wa tatu. Mwenye nyumba anatakiwa aitunze mbali na fedha zake. Yaani hata mwenye nyumba mkweli hana msingi wa kukudai amana yote wiki kadhaa kabla hujaingia.

Tazama na namba ya akaunti. Namba ya Ujerumani huanza na DE, zikifuata tarakimu 20, jumla alama 22. Ukipewa inayoanza na ES, benki iko Hispania. LT ni Lithuania. Peke yake hilo si ushahidi wa wizi, ila nyumba iko Leipzig, mtu yuko London, fedha inakwenda Hispania: simama hapo. Wala DE isikupumbaze, maana matapeli hutumia akaunti zilizofunguliwa kwa majina ya watu walioibiwa vitambulisho.

Ukitaka kumpima mtu kabla hujafika, mwombe simu ya video ya moja kwa moja, aanzie barabarani. Majengo mengi ya Ujerumani hayana namba za milango ya ndani. Anayekutambulisha ni jina lako kwenye kengele ya mlango mkuu na kwenye sanduku la barua. Mwambie akuonyeshe kengele yenye jina lake, sanduku lenye jina hilo hilo, apande ngazi, afungue mlango, afungulie bomba la jikoni, kisha aelekeze kamera dirishani ulinganishe na ramani. Video aliyoirekodi jana usiikubali. Picha za tangazo nazo zipitishe kwenye programu ya kutafuta picha. Mara nyingi zinaibuka kwenye nyumba ya wageni ya mji mwingine kabisa.

Njia salama zaidi ni kumpata mtu wa kwenda kwa miguu yake. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, au Mtanzania au Mkenya anayesoma pale, anaweza kufanya hivyo kwa nusu saa. Na omba mapema hosteli ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, mara upatapo barua ya udahili, kwa kuwa foleni ni ndefu. Ukikosa, panga makazi ya muda ya wiki nne hadi sita na uitafute nyumba ukiwa palepale.

Mwanangu anakwenda Dresden. Dalali aliyempata kwenye kundi la WhatsApp anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na yuro 80 za kwenda kuonyeshwa chumba. Kijana ana wasiwasi, lakini mbona hata huku kwetu ndivyo tunavyolipa? — Mzazi, Tanga

Mama, hapo ndipo ndugu zetu wengi wanaponaswa, na si kwa ujinga. Aliyezoea kulipa miezi sita au mwaka mzima Dar es Salaam, akamlipa dalali mwezi wake na hela ya kuzungushwa, hawezi kushtuka akidaiwa vivyo hivyo ugenini. Tapeli anayewawinda watu wetu ameyajua mazoea hayo.

Ujerumani kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, kabla ya siku ya tatu ya kazi kupita. Kuhusu dalali, tangu tarehe 1 Juni 2015 sheria inasema aliyemwagiza ndiye anayemlipa, na karibu kila mara aliyemwagiza ni mwenye nyumba. Hata mpangaji anapomwagiza yeye mwenyewe kwa maandishi, malipo hayazidi kodi tupu ya miezi miwili na kodi ya ongezeko la thamani, na hulipwa tu mkataba ukishapatikana. Ada ya kuonyeshwa chumba hairuhusiwi kabisa. Kijana amwache huyo dalali leo.

Niko Hamburg, nasomea uuguzi. Nimepata chumba kwa dada anayesema yeye ndiye mpangaji mkuu. Nimekiona, funguo ananipa leo hii, ila anataka yuro 900 taslimu na anasema siwezi kujiandikisha kwa anwani hiyo. Je, kuna ubaya, maadamu chumba kipo? — Msomaji, Hamburg

Chumba kuwepo hakutoshi, dada. Unatakiwa kujiandikisha, ile Anmeldung, ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na tangu Novemba 2015 ofisi hudai karatasi iliyotiwa saini na aliyekupa makazi, Wohnungsgeberbestätigung. Anayekupa makazi analazimika kuitoa. Bila kujiandikisha hutapata namba ya kodi ya mapato ambayo mwajiri wako anaihitaji, na ofisi ya wageni itakusumbua kwenye kibali cha kuishi.

Mtu akikataa kuitoa, kwa kawaida sababu ni mojawapo ya mbili. Huenda anapangisha bila idhini ya mwenye nyumba. Hapo, mwenyewe akigundua, unaweza kujikuta nje na mabegi yako, na fedha taslimu haina shahidi. Au chumba si chake kabisa: amekikodi kwa siku mbili tatu kama makazi ya wageni, anakionyesha kwa watu kumi na watano, anachukua amana kwa kila mmoja na kugawa funguo zilizochongwa. Siku ya kuhamia mnakutana mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote, mwombe mkataba wake na mwenye nyumba, ulinganishe jina na kitambulisho chake na kengele ya mlango. Mwombe idhini ya kupangisha kwa maandishi. Kwenye ubao wa matangazo wa ngazini huwa pana jina na simu ya kampuni inayosimamia jengo, piga uulize. Mgongee jirani umuulize anayeishi mlango ule ni nani. Ukiingiza ufunguo, uzungushe mwenyewe, wa mlango mkuu na wa ndani. Ukiamua kulipa, lipa kwa benki, au pata risiti yenye jina, tarehe, kiasi na saini.

Na anayekuuzia anwani ya kujiandikisha tu, bila kuishi hapo, mkimbie. Kutoa anwani ya namna hiyo kunaweza kutozwa faini ya hadi yuro 50,000, na wewe uliyejiandikisha hutakuwa salama pia.

Nimeshatuma yuro 1,100 juzi pamoja na nakala ya pasipoti, na tangazo limefutwa. Nifanye nini? — Msomaji, Nairobi

Pole sana. Anza na benki, kwa simu, sasa hivi, uombe malipo yarudishwe. Kama ulituma kwa kampuni ya kutuma fedha na hazijachukuliwa, muamala unaweza kufutwa. Ndani ya kanda ya yuro benki zinalazimika tangu tarehe 9 Oktoba 2025 kulinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla ya kutuma, lakini malipo yanayotoka Nairobi hayana kinga hiyo. Malipo ya papo kwa papo yenyewe hufika kwa sekunde kumi, ndiyo maana matapeli huyapenda.

Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini zinazoonyesha anwani ya ukurasa, namba ya tangazo, barua pepe, simu na namba ya akaunti. Peleka taarifa polisi Nairobi, na kwa polisi wa jimbo la Ujerumani ambako nyumba ilidaiwa kuwepo. Wanapokea mashtaka kwa mtandao kupitia Onlinewache. Tunza namba ya faili. Ijulishe na tovuti iliyobeba tangazo.

Pasipoti ina hatari yake. Kuna matapeli wanaomwambia mwombaji “athibitishe utambulisho” kwa simu ya video, kumbe anafunguliwa akaunti ya benki kwa jina lake, na ndimo fedha za wengine zitakamopitia. Ukiitwa kwenye simu hiyo, kata. Ukishafika Ujerumani, omba Schufa, taasisi inayotunza rekodi za mikopo, nakala ya taarifa zako. Ni bure kisheria. Ukikuta usichokijua, wape namba ya faili ya polisi. Siku nyingine, kabla ya kutuma nakala, ziba namba ya pasipoti na ile mistari miwili ya herufi iliyo chini, kisha andika katikati ya ukurasa anwani ya nyumba unayoiomba na tarehe.

Wiki chache zijazo huenda ukapigiwa na “wakili” au “mpelelezi” anayejua kiasi kamili ulichoibiwa, akiahidi kukirudisha kwa ada ndogo ya mbele. Anakijua kwa sababu ni walewale, au wamemuuzia jina lako. Usimjibu, mpeleke kwenye faili lile lile la polisi.