Unayehamia Arusha kutoka pwani, anza na baridi

Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Julai, hospitalini tunapokea watumishi wapya na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na wengi wanatoka ukanda wa joto: Mtwara, Lindi, Tanga, Dar es Salaam, Unguja. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mtwara, na Arusha nimeishi vya kutosha kulea watoto wanaoiita Arusha kwao. Nawaandikia ninyi mnaokuja kwa sababu kuna jambo nimeona likijirudia na linaumiza watu bure. Mgeni anashikwa na baridi na upweke kwa mpigo, anashindwa kujua kipi ni kipi, kisha anaamua kwamba mji umemkataa.

Tuanze na baridi yenyewe. Arusha iko nyuzi tatu hivi tu kusini mwa ikweta, lakini ipo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kupanda huko peke yake kunatosha kukutoa kwenye feni na kukuingiza kwenye blanketi. Halafu kuna kusi. Upepo uleule unaotupa nafuu pwani kuanzia Juni, ukija huku na unyevu wake unakutana na Mlima Meru, unapanda, unageuka wingu. Ndiyo maana Juni na Julai zinaweza kupita siku kadhaa hujaliona jua vizuri: ukungu asubuhi, manyunyu mchana, usiku joto linashuka hadi nyuzi 12 au 13. Na nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Sakafu ni saruji, dirisha lina upenyo, maji ya bomba saa kumi na moja alfajiri yanachoma mikono.

Aliyepangiwa Moshi ana afadhali, maana mji uko chini zaidi, kama mita 800 na ushei, na Januari na Februari Moshi huwa joto kweli. Ila uliza kituo chako kiko wapi hasa. Moshi mjini na Moshi ya juu, yaani Kibosho, Machame, Marangu, ni mahali tofauti kabisa kwa hali ya hewa. Mwanafunzi anayekwenda Chuo cha Mweka akipanga mizigo yake kwa joto la mjini Moshi atalala na nguo zote.

Kuhusu nguo sitasema mengi. Sweta, soksi nzito, blanketi zito, na kitu cha kufunika kichwa usiku. Kanunue mitumba mapema, Februari au Machi, kabla baridi haijaanza. Soko la Kilombero hapa Arusha na la Memorial kule Moshi yana makoti mazuri, na bei hupanda kila mtu anapoanza kuyatafuta. Mafuta ya kupaka mwilini nunua mazito, kwa sababu hewa ya huku inapasua midomo na visigino.

Chumba ndicho kinachohitaji akili zaidi. Wageni huchagua kwa bei na kwa umbali wa kazini, basi. Ongeza swali la jua. Ukisogea juu kuelekea mlimani, Ilboru, Sekei, Ngaramtoni, ni kijani na kunapendeza, lakini kuna unyevu na baridi zaidi. Ukishuka kusini, Njiro au Muriet, kuna joto zaidi, na vumbi nalo huongezeka kiangazi. Hupati vyote, kwa hiyo amua unachoweza kuvumilia. Mwenye pumu asikimbilie vumbi kwa kuogopa baridi. Ukienda kuangalia chumba, nenda asubuhi, simama katikati, angalia kama jua linaingia hata dakika chache na kama ukuta una madoa meusi ya ukungu karibu na dari. Chumba chenye ukuta wa hivyo hakikaushi hata taulo mwezi wa Julai. Sare zangu za kazi nilikuwa nazining'iniza juu ya kiti karibu na jiko la gesi nikipika, nikizigeuza kama chapati, ndipo zikauke kwa ajili ya kesho yake.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukalala nalo. Najua linavyovutia: usiku wa Julai, mkaa umebaki mwekundu baada ya kupika, mlango umefungwa, chumba kinapata joto zuri. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito, na usingizi huo ndio unaomzuia kutoka nje. Tunawapokea kila msimu wa baridi, na wengine huletwa wakiwa wameshachelewa. Mara nyingi ni mgeni, kwa sababu wenyeji wamekua wakionywa. Pasha maji, yatie kwenye chupa ya plastiki ngumu, funga vizuri, izungushie kanga, uilaze miguuni. Jiko likae nje.

Jambo lingine ambalo watu wa pwani hatulijui ni maji. Kwetu tatizo la maji ni chumvi na kipindupindu, hivyo tumezoea kwamba ukichemsha umemaliza. Miamba ya volkano inayozunguka Meru ina floraidi nyingi, na baadhi ya visima na chemchemi za Arusha zimezidi mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki inazidi kukolea. Wewe mtu mzima meno yako yameshakomaa, hayatabadilika rangi, lakini ukija na watoto wadogo hili ni lako. Meno yao ya kudumu yanajengwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi miaka kama minane, na madoa ya kahawia wanayoyapata katika umri huo hawaachani nayo. Kwa kiwango kikubwa zaidi na kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika. Kwa hiyo ukipanga nyumba uliza chanzo cha maji ni kipi: bomba la mamlaka au kisima cha mwenye nyumba? Kama ni kisima, uliza kama kimepimwa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama kwa upande huu. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanyia kazi uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na elimu hiyo imefika vijiji vingi. Punguza pia magadi kwenye maharage, nayo yana floraidi. Ninajua kwa nini unayatia: kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na maharage yanachelewa kuiva. Loweka usiku kucha.

Ukishayapanga hayo, ndipo unaweza kuitazama hamu ya nyumbani kama ilivyo. Na ipo, siidharau. Hakuna sweta linaloondoa hamu ya kusikia bahari, au ya kununua samaki ambaye bado anang'aa. Juni ikifika, mimi bado nawaza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha inayouzwa barabarani kwetu msimu huo. Ila nimegundua kwamba sehemu ya kile tunachokiita upweke inaisha mtu akilala na joto, akila cha moto asubuhi, na akikaa juani. Angalia hospitali yoyote, ofisi yoyote Arusha siku ya baridi: saa nne jua likichungulia, watu wanatoka na vikombe vyao vya chai wanasimama ukutani upande wa mashariki. Mgeni hubaki ndani akidhani ni mapumziko ya wenyewe kwa wenyewe. Toka nawe. Salamu za hapo ukutani ndizo zilizonipa marafiki, maana hakuna anayesimama pale bila kuzungumza, na wazee wa kazini hapo ndipo hukueleza mambo ya kituo ambayo hayaandikwi popote.

Kuna binti mmoja wa Tanga alinifuata wodini katikati ya Julai, zamu ya usiku, macho yamevimba. Akaniambia, "Dada, nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho. Kesho naipeleka." Nikamuuliza analalia nini. Shuka mbili na kanga. Anakula nini usiku? Mkate na soda, kwa sababu anaogopa kutoka nje kwenda jikoni. Anaongea na nani? Na mama yake, kila usiku kwa simu, mpaka wote wawili wanalia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, barua iweke. Ukiitaka Oktoba, mimi nitakusindikiza kuipeleka." Tukamtafutia blanketi. Mama mwenye nyumba wake, Mmeru, alipojua hali yake alianza kumwekea bakuli la mtori jioni, na binti akajifunza kula ndizi ambazo mwanzoni alisema ni chakula cha wagonjwa. Kumpigia mama yake akahamishia Jumamosi asubuhi, wakati amelala vya kutosha na ana habari za kusimulia. Oktoba mijakaranda inachanua zambarau barabarani, jua limerudi, anga safi, Meru unaonekana mzima. Barua hakuizungumzia tena.

Sisemi kila mtu atabaki. Nasema uamuzi wa kuondoka usifanywe Julai. Mwaka mzima ukuzungukie kwanza, uone na masika ya Machi hadi Mei yenye tope, na Septemba kavu yenye vumbi, na Januari ambayo ukiwa Arusha unatembea saa saba mchana bila kulowa jasho wakati pwani watu wanahema.

Na upande wa faida uhesabu kwa haki. Utalala bila feni. Utakunywa maziwa, utakula parachichi, viazi na mboga kwa bei ambayo Mtwara husikii. Malaria ni kidogo sana hapa. Arusha, Kilimanjaro na Manyara zimo miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya chini kabisa nchini. Hapo hapo pana mtego, nasema kama muuguzi: mtu aliyekaa miaka bila kuumwa malaria, kinga yake hupungua. Ukienda likizo pwani, usijidai mwenyeji. Lala ndani ya chandarua, na ukirudi ukapata homa hata wiki mbili tatu baadaye, mwambie daktari umetoka wapi, kwa sababu huku hatafikiria malaria kwanza.

Chakula cha nyumbani kisikuumize kichwa. Nazi zinapatikana Soko Kuu na Kilombero, bei yake tu ndiyo inayokumbusha zimesafiri. Samaki wa bahari huletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenye boksi, wamegandishwa. Muombe ndugu akutumie, ukapokee stendi asubuhi. Korosho usinunue huku kama una mtu Mtwara. Na ukipika wali wa nazi, pika na wa majirani. Watu wa huku hawaongei haraka na mgeni kama pwani, na wakiwa wao kwa wao watateleza kwenye Kichaga au Kimeru. Hiyo siyo dharau. Wakikuona msibani, umekaa, umechangia, umesaidia kuosha vyombo, umeshakuwa wa hapo.

Kwenda nyumbani, panga kinyume na wengine. Desemba Wachaga waliotapakaa nchi nzima wanarudi kwao, kwa hiyo mabasi ya kutoka Dar es Salaam kupanda Moshi na Arusha hujaa siku nyingi kabla ya Krismasi, na Januari mwanzoni hujaa yale ya kushuka. Wewe unayekwenda pwani unashuka katikati ya Desemba kwa raha, lakini ukitaka kurudi kabla ya sikukuu, tiketi kata mapema. Kwa sisi wa Mtwara na Lindi safari ni ya siku mbili, kulala Dar es Salaam, na nauli yake ni ya kuweka akiba tangu Agosti.

Na kama mwaka umepita, umelala na joto, umekula, umepata watu, na bado moyo uko pwani, basi omba uhamisho bila aibu. Njia rahisi kwa mtumishi wa umma ni kupata wa kada yako mnayeweza kubadilishana vituo. Wapo wengi: vijana wa Rombo na Hai walioajiriwa Lindi na Mtwara, ambao joto la Februari linawanyima usingizi na wanatamani hata ukungu wa kwao. Waulizie kwa wauguzi na walimu wenzako waliopo kule, na mkielewana, kila mmoja amweleze mwenzake ukweli wote wa kituo anachokiacha, pamoja na maji na chumba.